Dubu Asiye na Mdomo

Mama mkwe wangu alimbeba yule dubu, akambusu kwenye paji la uso, akasema, "Huyu ana sura ya upole. Mwanangu, huyu nipe mimi."

Nilikimbilia jikoni nikacheka peke yangu, maana dubu yule ni yeye mwenyewe. Kidevu ni chake. Jicho la kushoto, lile linalochungulia sufuria za watu, ni lake. Hata anavyokaa ameegemea upande mmoja kana kwamba kiti kimemvunjia heshima, ni yeye mtupu. Mume wangu alimshona baada ya mama kuwaambia wageni, mbele yangu, akiwa na sahani ya chakula changu mkononi, kwamba mwanawe alioa kwa huruma. Mume wangu hakumjibu. Alisema, "Ndiyo, mama," akamsindikiza mpaka kituoni, akarudi, akachukua mkasi.

Ngoja nieleze, usije ukadhani nimeolewa na mchawi.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Watu wanamwita Cheche, kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya tabia, maana kwa tabia yeye ni maji ya mtungini. Ni pande la mtu. Mikono yake ina makovu ya moto mpaka kwenye viwiko, na vidole vyake ukiviona utasema haviwezi kushika sindano. Vinashika. Wanaume wengine wakiudhiwa wanakwenda baa, wengine wanapiga meza, wengine wanahamia sebuleni na mto. Wangu anashona dubu.

Anakata kitambaa cha manyoya, anashona kwa ndani, anageuza, anajaza sufi kwa kijiti. Mikono na miguu anaifunga kwa bolti na washa za karakana, ndiyo maana dubu zake wanageuza shingo na kukaa kitako kama watu, na ndiyo maana ukiangushiwa mmoja mguuni utachechemea. Halafu macho, pua, masikio. Mdomo anaumalizia mwisho siku zote. Anatia fundo, anakata uzi kwa meno, anampandisha dubu kwenye shelfu, na hasira imekwisha. Kesho yake ukimuuliza aliudhiwa na nini, anakuna kichwa.

Kwa hiyo sebule yangu imejaa maadui wa mume wangu. Alikuwepo baba mwenye nyumba ya karakana. Yupo mteja aliyekataa geti kwa sababu mkewe ameota rangi nyingine. Shemeji yake, mume wa wifi yangu, ana shelfu nzima peke yake, na bado anaendelea kumuudhi. Siri hii tulikuwa tunaijua wawili tu. Wenzake wa chama cha washona dubu, yaani mwalimu mstaafu, nesi wa meno na dereva wa lori la mchanga, wakija kwetu wanashika vichwa kwa kustaajabu. "Sura hizi unazitoa wapi, Cheche?" Yeye anatabasamu. Wanabishana sufi na pamba ipi inakaa vizuri tumboni, wanabadilishana dubu, wanaondoka. Nesi wa meno alimchukua baba mwenye nyumba, na mpaka leo mzee yule analala kitandani na mtoto wa nesi bila kodi.

Mimi sikuwemo. Hilo ndilo lilikuwa jivuno langu. Mimi ni msusi, na kwa msusi kuongea ni nusu ya kazi. Nimeongea ndoa nzima, asubuhi hadi nafunga macho, na bado kwenye shelfu zile hakukuwa na dubu hata mmoja mwenye sura yangu. Nilikuwa nikipanguza vumbi nawaangalia wale wengine na kuwahurumia. Nikijiambia, mwanamke, wewe huna doa.

Kiburi si maungwana. Wiki ile ya maonyesho ya chama, mkasi wangu wa kazini ukapotea, nikaingia uvunguni kutafuta wa kwake. Nikavuta boksi kuukuu la vijiti vya kuchomelea. Ndani yake, chini ya matambara, nikajikuta.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Sikio la kulia lilikuwa na mpasuko, hapo hereni iliponichana nikiwa msichana. Paji la uso lilikuwa pana, na juu yake manyoya yamepungua, kwa sababu sisi wasusi tunawasuka wenzetu na kujisuka kwa kujikaza mpaka nywele zinyofoke. Nyayo zilikuwa za kitambaa cha zambarau, gauni langu lililopotea kambani nikalililia wiki nzima. Na shingo, jamani. Shingo yote ilikuwa imetobolewatobolewa na sindano, mishono juu ya mishono, manyoya yamenyofoka kama kuku wa kienyeji aliyegombaniwa.

Alikuwa na kila kitu isipokuwa mdomo. Chini ya pua palikuwa patupu, pamelainishwa kwa gumba.

Nilibaki nimelala pale sakafuni na miguu yangu imetoka uvunguni. Niliumia. Sikuona chochote cha kuchekesha, na mimi hucheka hata msibani. Mtu ninayelala naye ana jambo na mimi, analishona kwa siri, na kwa jinsi shingo ile ilivyo, analo siku nyingi. Tena kati ya vyote vyangu amechagua kuninyima kinywa. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: mume wangu amenichoka, au hajanichoka?

Kesho yake wifi yangu alikuja saluni kusukwa. Nikambana kichwa katikati ya magoti yangu, nikamweleza yote, siri na kila kitu.

"Kaka yangu hana neno na mtu," alisema.

"Ana neno na watu shelfu nne."

Akacheka mpaka rasta zikanitoka mkononi. "Yaani mume wangu ndiye yule mwenye tumbo? Nilisema mimi. Na mimi je, nipo?"

"Shelfu ya pili, nyuma ya yule mwenye kofia."

Kicheko kikakatika. "Kwa lipi?" aliuliza.

"Sijui. Ila una meno mengi."

"Basi muulize," akasema kwa sauti ya mtu aliyepata tatizo lake mwenyewe. "Si una mdomo?"

"Nikimuuliza, atajibu. Na akisema kweli amenichoka, nitakwenda wapi na jibu hilo?"

Alilipa, akaenda kumnunia kaka yake bila kumweleza sababu.

Usiku wa siku ile nilipakua chakula, nikaketi mkabala naye. "Una neno na mimi?"

"Mimi? Sina."

"Fikiri vizuri."

Akafikiri vizuri. Akatafuna. "Labda chumvi imezidi kidogo," akasema, halafu akaona uso wangu. "Lakini si mbaya. Naipenda hivi hivi."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema waliotutangulia, na mimi mshindo huo nilikuwa nimeushika mikononi. Sikuvumilia. Siku moja kabla ya maonyesho, yeye akiwa karakana, nikamtoa dubu wangu kwenye boksi. Nikachukua sindano ile iliyopinda ya kushonea nywele za bandia, na uzi mweusi ambao ukiushonea kichwani mwa mtu hata upepo wa kimbunga haumvui. Nikajipa mdomo. Sikujipunja. Nilikwenda kutoka shavu hadi shavu, nikaweka pengo la mbele kwa kitambaa cheupe, na ulimi kwa utepe mwekundu. Ulikuwa mdomo wa mtu anayejibu. Nikatia mafundo, nikakata uzi kwa meno kama afanyavyo yeye, nikajipandisha kwenye shelfu ya juu kabisa, katikati, nikamsukuma pembeni dubu wa mama mkwe, yule aliyemwomba tusimpe.

Asubuhi aliingia sebuleni na katoni za kupakia. Mimi nilijifanya nafagia mahali ambapo pamekwisha fagiliwa.

Alimwona. Akaweka katoni chini. Akaketi kwenye kiti bila kuangalia kama pana dubu, na palikuwa na dubu.

"Nani amemmaliza huyu?"

"Mimi," nikasema. "Wewe ulisahau mdomo."

"Sikusahau."

"Najua hukusahau. Ulitaka ninyamaze. Ungeniambia, 'Mke wangu, nyamaza,' ningekasirika siku moja ikaisha. Wewe umeninyamazisha uvunguni. Kama umenichoka sema, nijue. Sitakufa."

Nilisema sitakufa, nikaanza tena kufagia palepale. Yeye hakuniangalia. Alisimama, akamshusha dubu kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye ule mdomo wangu mkubwa.

"Huyu nilimwanza mwaka tuliooana," akasema. "Ukiniudhi, namtoa. Hili sikio nililishona ile siku uliyogawa viatu vyangu ukidhani ni vibovu. Mguu huu ni ile safari ya kwa mjomba wako. Nashona, nashona, nikikaribia mdomo hasira imekwisha. Namrudisha. Ukiniudhi tena namfumua shingo, namjaza upya, naanza tena. Hajawahi kufika mdomoni."

"Kwa nini hukumaliza tu, ukaanza mwingine?"

"Akiisha anakwenda kwenye shelfu." Akaonyesha kwa kidevu, yule mwenye kofia, mteja wa rangi, mama yake, dada yake. "Hawa nimemalizana nao. Nikiwaona siwazi kitu. Wewe sikutaka nimalizane na wewe."

Sikuwa na neno. Jambo hilo halijawahi kunipata, na sikujua mtu akikosa neno anaweka wapi mikono. Nikafurahi mpaka nikaona aibu, na palepale nikaona nilichokifanya: nimejimaliza kwa sindano yangu mwenyewe. Nilitaka kumwambia nisamehe. Kinywa kikafunguka, kikatoka hiki: "Ungeniambia."

"Ningekuambia lini?" Sauti ikapanda. "Unaniachia nafasi gani? Hata nikipiga chafya unanimalizia."

"Unanifokea?"

"Nakufokea ndiyo. Umemmaliza dubu wangu bila kuniuliza. Tena umemshona vibaya. Mdomo gani huu, mlango wa gereji?"

"Huo ni mshono wa kazi. Vichwa vya watu vinakaa na mshono huo miezi."

"Viatu vile vilikuwa vizima."

"Vilikuwa vinacheka mbele na nyuma."

"Na chumvi," akasema, na mshipa wa shingo ukamsimama. "Chumvi inazidi. Inazidi kila siku. Nakunywa maji kama ngamia."

Vyombo vya kabati moja havikosi kugongana. Vyetu vilikuwa vimekaa miaka vimefungiwa pamba. Tuligombana kama watu. Aliibua vitu ambavyo mimi nilikuwa nimezika, nami nikaibua vya kwake, na kila alipopandisha sauti moyo wangu ulituama. Ugomvi ulipofika kwenye ile safari ya kwa mjomba wangu, niligeuka nikaona mlango uko wazi. Mwalimu mstaafu, nesi wa meno na dereva wa lori walikuwa wamesimama kizingitini, kila mmoja amekumbatia dubu wake, wamekuja kumchukua mwenzao waende maonyesho.

"Tutangulie?" aliuliza mwalimu.

"Tangulieni," tukajibu pamoja.

Nesi akabakia kidogo, akimkodolea macho dubu mikononi mwa mume wangu, kisha mimi, kisha dubu. Halafu akageuza shingo taratibu kuangalia shelfu, moja baada ya nyingine, akaondoka haraka bila kuaga. Nadhani usiku ule mtoto wake alilala peke yake.

Tulipobaki wawili, mume wangu alitoa wembe. Mshono ule haufumuki kirahisi, na mimi nilikuwa nimemwambia. Ilibidi nimshike dubu kichwa, nimvute mashavu, yeye akate fundo moja moja bila kuchana manyoya. Tuliinamia uso ule tumegusana vipaji vya nyuso. Ulimi ulitoka kwanza, kisha pengo, kisha shavu hadi shavu. Palipokuwa na mdomo pakabaki vitobo, akavilainisha kwa gumba.

"Utanishonea lini huo mdomo?" nikamuuliza.

"Nikifa," akasema, "watanikuta nimeshika sindano."

Alimrudisha kwenye boksi la vijiti, akamfunika matambara, akabeba katoni zake kuwafuata wenzake. Mlangoni nikamwita nikamuuliza jioni nimpikie nini. Akasema chochote tu, ila boksi lile nisilisukume mbali.