Benchi la Alhamisi

Kadi ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya mashine ya kufulia kama jani lililolowa. Niliibandua kwa kucha. Ya kijani. Muhuri ulikuwa umeyeyuka ukabaki wingu la zambarau, lakini maandishi ya kalamu yalisomeka vizuri: Vera Paul. Chini yake kulikuwa na mistari saba ya tarehe. Minne ilikuwa na sahihi ya nesi. Mitatu ya mwisho mitupu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nitafukuzwa kazi.

Nina stashahada ya famasia, na wakati ule nilikuwa nimeshakaa miaka kumi na minne nyuma ya dirisha la dawa katika zahanati ya kijiji chetu, kaskazini mwa Grenada. Kadi za kijani ni za wagonjwa wa akili peke yao. Wenye sukari wana nyeupe, wajawazito wana pinki. Kutoka nje ya geti na kadi ya mgonjwa ni kosa, na mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu kwamba ni kosa. Nikajiambia niliitia mfukoni mwa sare yangu nikiwa na haraka. Ndani ya mashine zilikuwamo nguo zangu na nguo za binti yangu. Nusu ile nyingine ya nguo haikunijia akilini hata kidogo.

Nikaikausha kadi kwa pasi, nikaitia mkobani.

Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku ya Nesi Philbert kuja kutoka mjini kuwaona wagonjwa hao. Walimngoja kwenye benchi lililo nje, limeegemea ukuta, linatazama barabara. Siku nyingine benchi hilo hukaliwa na mama mwenye mtoto, mzee mwenye presha, yeyote. Siku ya Alhamisi hata mtu mwenye mguu uliovunjika alikuwa radhi kusimama.

Na nyumbani kwangu Alhamisi ilikuwa siku ya vichekesho. Nilikuwa hodari wa kuigiza. Nilimwigiza Bwana Ottley, anayevaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, na kuiamkia kila marumaru ya sakafu kabla ya kuikanyaga. Dada yangu Merle alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Tavia, binti yangu, alicheka pia alipokuwa mdogo. Ikawa lugha ya nyumbani. Ukisahau sufuria jikoni ikaungua, "Leo Alhamisi, nini?" Ukivaa soksi mbili tofauti, wewe ni wa Alhamisi. Sikumbuki ni lini Tavia aliacha kucheka. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na vifuniko viwili vya sufuria kichwani. Anayeigiza hamtazami mtazamaji mmoja mmoja.

Mwaka huo alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa kwanza chuoni. Aliacha netiboli. Kisha akaacha kusukwa. Jumapili alikuwa akikaa sakafuni kati ya magoti yangu nimsuke. Sasa akasema kichwa kinamuuma, na nywele zikashikana nyuma ya shingo zikawa kama sufu. Alilala akirudi, akalala akiamka. Nikampa chai ya majani machungu, nikampa mafuta ya mbarika, nikampa ufagio. Merle akasema kuna mtu amemtupia mtoto jicho baya.

"Hakuna aliyemtazama mwanangu isipokuwa mimi," nilimwambia, "na ninachokiona ni uvivu."

Nilisema hivyo mlango wa chumba chake ukiwa wazi.

Wiki nzima nilimtafuta Vera Paul. Faili zetu hupangwa kwa majina, kwa hiyo nilitafuta jina: kabati la kwanza, la pili, sanduku la waliohama, sanduku la waliokufa. Hakuwamo. Katika sanduku hilo la mwisho nilikutana na kadi ya kijana mmoja wa kijiji cha jirani, fundi wa boti, ambaye tarehe zake nazo zilianza kuwa tupu, moja, mbili, tatu, kisha mama yake akaja kutuambia tusimsubiri tena. Nikalifunga sanduku, nikarudi dirishani.

Jumatano jioni nilimkuta Tavia kwenye kapu la nguo safi, anapekua mifuko ya sketi yake.

"Unatafuta nini?"

"Hamna."

"Hamna ndiyo umeigeuza nje ndani?"

Akaikunja sketi polepole, akaenda zake.

Jumapili Merle alikuja kula. Nilikuwa nimepika chungu cha shelisheli na nyama ya chumvi, tui la nazi limekaukia chini kama tunavyopenda. Tavia alikuwa amejipakulia vijiko viwili na alikuwa akivisogeza kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine. Mezani palikuwa kimya, na mimi sipendi kimya. Nikavuta mkoba, nikaitoa kadi, nikaiweka kando ya chupa ya pilipili.

"Mnaona hii? Wiki nzima natafuta mwenyewe. Bibie Vera Paul. Amepoteza kadi, amepoteza na akili, sijui kipi kilitangulia."

"Verlyn, wewe!" Merle alicheka, mkono mdomoni.

"Na tarehe tatu hakutokea. Labda alikwenda Jumatano akashangaa hakuna wenzake."

Tavia akaweka uma chini. Aliuweka kwa uangalifu, kama mtu anayelaza kitu kilicholala.

"Pengine hakupoteza akili, Mama," alisema. "Pengine alichoka tu."

Akainuka, akapitia jikoni, akatoka. Tulisikia mlango wa nyuma.

"Na huyu naye ana nini?" nikauliza.

Merle alikuwa ameishika kadi, ameisogeza karibu na miwani. Yeye husoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya kopo. "Agosti tisa, elfu mbili na nne," alisoma. "Haya, kumbe kama Tavia wetu."

Tavia alizaliwa Jumatatu ya kanivali, ngoma zikipita chini ya dirisha la wodi, mwezi mmoja kabla ya kimbunga kilichotuachia kuta bila mapaa. Tarehe hiyo nimeiandika kwenye kila fomu ya maisha yake. Kazi yangu ni kusoma tarehe za kuzaliwa. Sitoi hata panado kabla sijaisoma. Kadi hiyo nilikaa nayo siku nane.

Sikumaliza hata kumjibu Merle. Viatu vya Tavia vilikuwa bado pale kwenye mkeka wa mlango wa nyuma.

Siku hizi Tavia ana miaka ishirini na moja, na hupita shuleni pamoja na wenzake kuwaeleza vijana mahali pa kwenda, nambari ya kupiga, na maneno ya kuanzia wanaposhindwa kuanza. Mwezi uliopita aliniomba nizungumze na wazazi. Nikamwambia mimi sijui kusema kwa upole, nitawatisha. "Usiseme kwa upole," alisema. "Sema ilivyokuwa." Basi ilikuwa hivi. Nilikwenda kwanza uwanja wa netiboli, hakuna mtu, ila mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya goli. Nikaenda nyuma ya kanisa. Nikaenda nyumba ya Merle, iliyofungwa, nikachungulia kila dirisha. Mwisho nikaenda gatini, na pale nikasimama nimeyapa maji kisogo kwa muda, kwa sababu sikutaka kuwa mtu wa kwanza kuyatazama. Nikageuka. Yalikuwa maji tu. Wavulana wawili walikuwa wakivua. Nikawauliza, wakasema hawajamwona, nikawaambia waangalie vizuri, wakasema, "Mama Modeste, tumeangalia."

Nilimkuta saa kumi na moja. Zahanati haifunguliwi Jumapili, lakini geti dogo halina kufuli. Alikuwa amekaa kwenye benchi la Alhamisi, katikati kabisa, peku, mikono juu ya magoti.

Nilikuwa nimeandaa makelele.

"Nilitaka kujua unakaaje hapa," alisema, bila kunitazama. "Kama wanaopita wanaona uso au mgongo."

"Wanaona uso," nikasema. "Ukuta uko nyuma."

"Nimeona."

Nikakaa. Miaka kumi na minne, na nilikuwa sijawahi kulikalia. Lilikuwa jembamba kuliko nilivyodhani.

"Kule zahanati nyingine ulikokuwa ukienda, wana uzio?"

"Wana uzio na mti. Nilikuwa nakuaga naenda maabara ya chuo." Alisugua nyayo, moja juu ya nyingine. "Halafu wakaleta karani mpya, binti wa rafiki yake Anti Merle. Akanitazama, akasema, 'We si wa kwa Modeste?' Nikasema hapana. Sikurudi tena. Kisiwa hiki hakina upande wa pili, Mama."

"Na huyo Vera Paul ni nani?"

"Hakuna. Jina niliandaa njiani. Tarehe sikuandaa. Nesi wa kule aliuliza ghafla, nikataja yangu."

Nesi Philbert alikuwa ametukusanya sisi wafanyakazi mwaka mmoja kabla, akatuambia swali moja liulizwe wazi, kwa maneno yake kamili, kwa sababu kuuliza hakupandi wazo ambalo halikuwepo. Mimi niliandika kwenye daftari langu, nikapiga mstari chini yake, nikarudi kuhesabu vidonge. Watu husema nina mdomo mkavu. Siku hiyo nilishukuru kuwa nao.

"Tavia. Unafikiria kujiua?"

Gari lilipita. Mtu ndani yake akapunga mkono, nasi sote wawili tukapunga, kama desturi.

"Jumanne nilifikiria," alisema.

"Na leo?"

"Leo nilifikiria kidogo. Kisha nikaja hapa." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ungeniigiza, Mama? Ungeanzia wapi, nywele?"

Nilitaka kuomba msamaha, lakini sina mazoea, na neno lenyewe lilikuwa dogo kwa kazi iliyokuwapo. Nikavua viatu vyangu nikavisukuma kwenye miguu yake. Vilikuwa vikubwa. Akavivaa. Nilirudi nyumbani peku juu ya lami, mchana kweupe, mbele ya kila baraza la Jumapili, na aliyeuliza nilimjibu, "Viatu vinambana Tavia." Ilikuwa jibu la mwendawazimu. Nililisema mara nne.

Njiani hapo hapo nilimpigia Nesi Philbert. Alizungumza na Tavia kwa muda mrefu, kisha akanipa maagizo: nisimwache peke yake, nilale chumbani kwake, na niondoe dawa zote nyumbani. Mimi, mwenye dawa. Merle alizibeba kwake ndani ya mfuko wa unga, hakucheka, na hakumwambia mtu. Jumatatu Nesi alikuja mwenyewe kutoka mjini, akakaa jikoni na Tavia saa mbili nzima. Akasema anaweza kuendelea kuja nyumbani kwa siri kama Tavia anataka.

Tavia akafikiri. "Naweza kuja kwenye benchi," alisema, "kama sitakaa peke yangu."

Jumatano nilimfumua nywele. Ilichukua tangu saa nane mpaka jua linazama, kwa mafuta na vidole, na sehemu ya nyuma ya shingo tulilazimika kuikata. Hatukuongea sana. Aliniuliza mara moja kama zinanuka. Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, ile ya kupumua puani tu, lakini nilikuwa karibu, niliisikia.

Alhamisi niliomba ruhusa ya siku moja. Mwenzangu Ionie akakaa dirishani badala yangu. Tulipoingia getini benchi lilikuwa na watu tisa, na wote waliacha kuongea. Mama anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara aliacha kupanga ndizi.

Bwana Ottley ndiye aliyesogea. Alivua kofia ya juu, akabaki na ya chini.

"Bi Modeste," alisema. "Nasikia unaniigiza vizuri kuliko mimi mwenyewe."

Sikuwa na pa kujificha. "Ni kweli, Bwana Ottley. Nilifanya hivyo. Haikuwa vizuri."

"Siku moja nione," alisema. "Nijue nakosea wapi." Kisha akamgeukia Tavia, akapigapiga ubao pembeni yake. "Kaa huku, binti. Kule mwisho kuna kivuli sasa, lakini saa nne jua linafika, linakuchoma magoti. Huku linachelewa."

Niliwahi kuwaona wakisogea. Kila Alhamisi, kupitia dirisha langu, niliwaona wakinyanyuka wote na kusogea hatua moja, na nililiweka hilo katika maigizo yangu, na Merle alilipenda sana.

Ionie akaita kama nilivyomfundisha mimi, kwa sauti ya kufika barabarani. "Tavia Modeste!"

Yule mama wa ndizi akageuza shingo. Tavia alinyanyuka, akavuta sketi yake ikae sawa, akaingia ndani. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Saa nne jua likaja, kama alivyosema. Lilipanda kwenye viatu vya mtu wa mwisho, likafika magotini.

"Sogeeni," akasema Bwana Ottley.

Tukanyanyuka wote, tukasogea. Nilipokaa tena niliuweka mkoba wangu juu ya benchi, kati yangu na yeye, kushika nafasi ya mtu mmoja.