Mguu wa Anemoni

Katika simu nzima picha iliyofaa ilikuwa moja tu, na hata hiyo ilionyesha upindo tu wa kijani wa anemoni, mnyama wa baharini, nyuma ya bega la binti yake. Fundi Meno aliivuta kwa vidole viwili mpaka ikapoteza sura, akairudisha ilivyokuwa, kisha akamkabidhi simu mwenye duka.

"Namtaka kama huyu," alisema. "Kama huyu kabisa."

Mwenye duka, mama mnene ambaye vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya chumvi, aliitwa Mama Matangi na kila aliyefuga samaki mjini. Nyuma ya pazia la duka lake matangi ya kioo yalipangwa toka sakafuni hadi karibu na dari. Aliitazama picha, akamtazama mzee, akamwambia kwamba ukiwaangalia kwa juu anemoni zulia wote ni ndugu: bapa, mviringo, wamejaa minyiri mifupi iliyosongamana kama nyuzi za zulia. Anayetaka kuwatofautisha sharti awatazame upande wa chini.

Fundi Meno hakuwa mtu wa kubabaishwa na kazi ya kufananisha. Kwa miaka thelathini alikuwa akiunda meno ya bandia katika chumba cha uani, na jina la mtaani lilikuwa limemganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Sifa yake ilikuwa kwamba meno yake hayatambuliki. Akija kibogoyo, fundi humwomba picha ya zamani anayocheka, kisha huchonga jino kwa jino, na lile lililopinda hulipinda vilevile, mpaka mke wa mtu anasahau kuwa mumewe aliwahi kung'oka meno. Kwa hiyo alipoharibu kitu cha binti yake, wazo lililomjia kwanza halikuwa kuomba radhi. Lilikuwa kutafuta mbadala asiyetambulika.

Tangi la sebuleni lilikuwa la binti. Alilianzisha mwenyewe, akalilea miaka mitatu, na alipokwenda kufanya kazi mji mwingine alimwachia baba karatasi ya maagizo: maji, chumvi, taa, chakula, na mwishoni, kwa herufi kubwa, USIMGUSE ANEMONI. Miezi saba baba aliifuata karatasi ile kama sheria. Kisha binti akaomba atumiwe picha ya anemoni wake. Mnyama alikuwa amejishika nyuma ya jiwe, kwenye kona yenye kivuli, na baba, kwa kutaka kumfurahisha mtoto, akaenda uani akachukua kisu cha nta, kile anachobandulia meno kwenye plasta, akambandua ili amhamishie mbele. Mguu, ile sehemu ya chini anayojishikia, ukachanika. Siku ya nne hakukuwa na anemoni tena, kulikuwa na utelezi mweupe unaonuka, na samaki wawili wa rangi ya chungwa waliozoea kulala ndani yake wakawa wanajibanza kwenye bomba la pampu.

Binti alipopiga simu kuuliza, baba alijibu, "Hajambo, anakula." Akajibu hivyo kwa wiki sita. Sasa binti alikuwa njiani, likizo ya siku nne, na angefika alasiri.

Mama Matangi alimweleza kwamba wako wa aina tatu. Mmoja huzika mguu wake mchangani. Wa pili ana minyiri mirefu kidogo inayotetemeka kana kwamba anasikia baridi, naye ni mwepesi wa kufa. Wa tatu hung'ang'ania jiwe.

"Wako alikaa wapi?"

"Kwenye jiwe."

"Na kule chini yake, uliona nini?"

"Madoa ya rangi ya chungwa. Yamejipanga kwa mistari."

Mama alimrudishia simu polepole. "Ndiye huyo wa tatu. Lakini wateja wangu hawajui chini yake kukoje, mzee wangu, kwa maana amejishika. Wewe uliyaonaje?"

Uongo ulikuwa tele, angeweza kuchagua wowote.

"Nilimbandua," alisema. "Kwa kisu."

Hakuwa amelitamka neno hilo mbele ya mtu yeyote, na masikio yalimchoma moto. Alingoja karipio, lakini Mama Matangi hakukaripia. Alisema tu kwamba wa jiwe hanaye, wala hajui atampata lini. Wa mchangani anao wawili.

Wa kwanza alikuwa wa kijani, kijani kilekile, na moyo wa mzee uliruka kwa furaha. Alivaa miwani akainama. Vinywa ndivyo vilivyomlisha miaka yote, akaanzia hapo. Mdomo wa yule mnyama, katikati ya zulia, ulikuwa wazi na umelegea, kama wa mgonjwa aliyechomwa sindano ya ganzi. Mama alipomgusa, minyiri haikumshika. Akamwinua kidogo kwa kiganja, na pembeni mwa mguu ukaonekana mchaniko, mdogo, usiofika ukucha wa kidole gumba.

"Huko alikotoka walimng'oa vibaya," Mama alisema. "Atakaa wiki. Mbili, akijitahidi."

Wiki ilitosha. Likizo ilikuwa ya siku nne tu, na baadaye angesema kwenye simu kwamba mnyama amekufa ghafla, na ingekuwa kweli. Fundi Meno aliipiga hesabu hiyo haraka, na wepesi wake ukamtia haya.

Wa pili alikuwa wa kahawia, rangi ya chai iliyopoa, hana mvuto wowote. Ila mdomo wake ulikuwa umefunga kikiki na mguu haukuwa na kovu. Mama alimwambia amguse. Fundi akatia kidole, na minyiri ikakinasa pale pale. Akaanza kukichomoa.

"Usivute," Mama alisema. "Mngoje. Atakuachia mwenyewe."

Akasimama hivyo, kidole majini, simu katika mkono mwingine. Kwa kukosa la kufanya aliitazama tena ile picha. Ilipigwa siku binti alipokuwa anaondoka. Meno yake aliyajua moja moja, na siku zote alipoiona picha ile alifurahi jinsi yalivyokaa vizuri. Leo aliyaona macho. Yalikuwa mekundu, kope zimevimba. Akakumbuka kwamba ni yeye aliyesema kazi ile haikataliwi, na ni yeye aliyebeba sanduku kwenda stendi huku mtoto angali anazungumza. Mtoto alikuwa na neno gani? Hakujua. Alisikia uchungu, uchungu hasa, mpaka Mama Matangi akalazimika kumwuliza mara mbili anamchukua yupi. Kidole kilikuwa kimeachiwa kitambo.

"Nifungie huyu wa kahawia," alisema.

Binti alipofika, mnyama alikuwa ameshazika mguu mchangani na kujitandaza mbele ya tangi. Binti aliweka sanduku mlangoni, akaamkia, akaenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Baba, huyu si yule."

"Si yule. Yule nilimuua mimi, kwa kisu cha nta. Nilitaka akae vizuri nimpige picha. Wiki sita nimekuwa nakudanganya."

Binti hakugeuka. "Kila nilipouliza."

"Kila ulipouliza, mama."

Pampu iliendelea kunguruma. Mmoja wa wale samaki alitoka kwenye bomba, akamkaribia mgeni, akarudi nyuma, akamkaribia tena.

"Mguu wake uliutazama?" binti aliuliza baadaye.

"Mzima. Na mdomo umefunga."

Akatikisa kichwa kukubali, akaketi kwenye kiti kilichotazama tangi. Baba alibaki amesimama.

"Siku ile ya picha," alisema, "ulikuwa unalia."

"Wewe ulisema nimecheka vizuri."

"Nilitazama meno."

Binti alitaka kucheka, cheko halikufika. Akafuta uso kwa kiganja. Baba aliangalia kando kumpa nafasi, na ndipo alipoliona sanduku. Lilikuwa lile kubwa, aliloondoka nalo, limejaa mpaka zipu imetanuka. Kwa likizo ya siku nne lilikuwa kubwa mno.

Alilinyanyua kwa mikono miwili. Alilipeleka chumbani kwa binti, akalisimamisha kando ya kabati, akarudi. Akavuta kiti cha pili mbele ya kioo, akaketi karibu naye, akangoja.