Kajuju na Dubu wa Ngoma

Mimi nimewahi kumkemea ndovu wa msitu wa Imenti kwa Kimeru safi, akageuka na kuomba radhi. Lakini pale Kaaga, mtoto wa miezi saba alinishinda.

Huyo ni mjukuu wangu Kajuju. Alipewa jina la marehemu nyanya yake, kwa hivyo mimi humwita mke wangu, naye hunijibu kwa kunivuta masharubu. Jumatatu iliyokuwa ikija mama yake, binti yangu Kiende, alitakiwa kurudi Timau kwa kazi ya shamba la maua, mtoto abaki nami. Ila mama mkwe wake alikuwa amemwambia, "Huyo ni kama mjomba wake."

Mjomba ni mwanangu Muthomi, aliyetimiza miaka mitano bila kutamka neno, na masikio ni mazima. Kiende aliapa: mtoto akiwa hivyo, kazi ataacha, akae naye amwongeleshe.

Ndipo tukaenda kwa Njuki, mtafiti aliyekodi chumba pale Kaaga cha kupimia watoto wachanga. Nikampakata Kajuju. Spika ikasema ba, ba, ba, kisha ghafla da. Mtoto akitambua sauti imebadilika, hugeuka, na dubu wa plastiki humpigia ngoma. Kajuju aligeuka kila mara, shingo karibu ing'oke!

"Huyu mwaka ujao atasoma habari kwa redio," nikamwambia Njuki.

Kiende akaomba mtoto apimwe tena, ndio awe na hakika. Alhamisi, dubu yuleyule. Da ikaja, Kajuju akatazama kifungo cha koti langu. Da tena. Kifungo.

"Mke wangu, usiniaibishe," nikanong'ona.

"Mzee, tafadhali usimwongeleshe," Njuki akaniambia.

Jumamosi alilala, akakoroma.

"Sasa ya kweli ni gani?" Kiende akauliza.

Njuki akajikuna shingo. "Dada, mtoto leo ni huyu, kesho ni mwingine. Nikipima mia, naweza kusema watoto wa umri huu husikia tofauti ya ba na da. Huyu peke yake, kipimo hakiwezi kumsemea. Niliwaambia siku ya kwanza."

"Yaani wote unawajua, wangu humjui?"

"Ndiyo, dada. Pole."

Na kweli alikuwa ametuambia. Sisi tulishika neno kupima, mengine yakapita.

Jumapili jioni begi la Kiende lilikuwa mlangoni, nusu limejaa. Yeye alisimama nyuma ya mtoto. "Ba, ba, ba... da." Kajuju akageuka. Mama yake akarudia. Kajuju hakugeuka.

"Umeona, Baba? Amesikia ama hajasikia?"

"Kiende, wacha mtoto anywe uji."

"Mara moja tu. Ba, ba, ba..."

Uji ukaganda. Kajuju akaniinulia macho. Nilitaka kumchekea, lakini niliogopa: naye akicheka, mama yake atahesabu hiyo pia kuwa kipimo. Nikakaza uso kama jiwe, mtu mzima mimi, nikitazama mdomo wake mdogo ukianza kupinda.