Kivuli cha Fundi

Alhamisi ambayo mama yake hakurudi, binti alikuwa amepanga sare kumi na mbili mezani, zimebaki vifungo tu. Mama, fundi cherehani, alivuka mpaka kila Alhamisi kwenda kupima wateja wa upande wa pili. Siku hiyo afisa wa mpakani alimwambia akae kwenye benchi kidogo, kuna maswali. Fomu yao ilikuwa na nafasi ya kujaza saa ya kuingia. Ya saa ya kutoka haikuwepo.

Siku ya tatu wakamletea karatasi asaini kwamba amekaa pale kwa hiari yake, kisha aende zake. Aliisoma hadi mwisho, akairudisha.

"Andika nimewekwa, mwanangu, nitasaini hata mara mbili," alimwambia afisa."

"Mama, hii ni karatasi tu."

"Basi saini wewe."

Saa kumi jioni kivuli cha fundi kikanyanyuka sakafuni, kikapita chini ya kizuizi. Mkuu wa zamu akafungua kitabu cha sheria.

"Tunaruhusiwa kuzuia msafiri na mizigo yake," alisema.

"Kivuli si mzigo, mkuu?"

"Umewahi kukiweka kwenye mizani?"

Walibishana mpaka zamu ikabadilika, wakakubaliana kwamba mamlaka yao yanaishia kwenye nyayo za fundi. Ukurasa unaosema msafiri azuiwe kwa muda gani hakuna aliyeufungua.

Binti alikikuta kivuli ukutani, juu ya cherehani. Akakiamkia, akasogeza taa. Kivuli kikainama juu ya kitambaa; binti akafuata ukingo wake kwa chaki, akakata. Shingo ya gauni ilikaa sawasawa.

"Huu mkono wa mama yako," alisema jirani. "Mwambie suruali ya mume wangu imebana."

Usiku mmoja binti alichoka. "Saini tu, mama, urudi." Kivuli kikanyooka ukutani, mgongo wima, kikapanda mpaka darini. Binti hakuomba tena.

Jumamosi iliyofuata alipompelekea nguo safi, alimkuta fundi ameketi vilevile, mgongo wima, miguuni hana kivuli.

"Wameleta karatasi nyingine," mama alisema. "Safari hii wamepiga chapa. Pindo unakunja vizuri?"

"Nakunja, mama."

Huu ni mwaka wa pili. Fundi yuko kwenye benchi, na fomu ni ileile. Kivuli hufika saa kumi na nusu, na chumba cha kushonea hakina dirisha, kwa hiyo binti huwasha taa saa kumi na robo.