Picha ya Shangazi Swabra

Karatasi zote tulikuwa nazo. Cheti cha ndoa, pasipoti ya Yeslam, kitambulisho changu, barua ya imamu wa hapa Magogoni, barua ya chifu, hata risiti za stima. Afisa wa uhamiaji aliyepitia faili yetu mara ya kwanza alizitia alama moja moja, kisha akazungushia duara mstari wa mwisho: picha ya harusi, bwana na bibi wakiwa pamoja. Mje nayo Alhamisi, akasema, pamoja na shahidi mmoja aliyekuwapo.

Picha hiyo hatukuwa nayo. Mwenye kuzijua harusi zetu hashangai. Nikaha ilisomwa msikitini, mimi niko ndani kwetu. Picha za huko zipo tele, Yeslam katikati ya wanaume arubaini. Mimi nilitolewa ukumbini mbele ya wanawake peke yao, nywele wazi, dhahabu shingoni, na huko simu haipiti mlangoni. Nani anataka kesho aonekane kwenye simu ya kaka wa mtu? Za nyumbani tulizitia kwenye faili, lakini afisa alisema picha ya sebuleni hata mpangaji na mwenye nyumba wanaweza kuipiga.

Wenye watoto huonyesha vyeti vya kuzaliwa. Sisi mwaka wa nne huu Mungu hajatupa, na sitaki kupewa pole. Ruhusa ya Yeslam ya kukaa nchini ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Asipopata kibali cha ukaazi angerudi kwao Mukalla, Yemen, nami ningebaki na mume wa kwenye simu. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa hugomba. Wiki ile niligomba na kila aliyenipitia mbele.

Kaka yangu Mujahid alileta shauri lake. Tukodi nguo, tukodi viti vya maharusi, tupige picha za harusi upya Jumamosi. Yeslam alikuwa mezani akikariri majina ya ami zangu wote, maana alisikia huko uhamiaji huulizwa. Aliinua kichwa akasema ndoa yake ni ya kweli na haihitaji kusaidiwa na uongo. Nikamwambia ukaidi huo akaule Mukalla. Baadaye nilijua ana haki, njia ya mwongo ni fupi, lakini sikumwambia.

Basi ikabaki tumtafute shahidi. Na aliyeiona harusi yangu kuliko wote ndiye niliyekuwa simtaki: shangazi Swabra, dada wa baba.

Kisauni nzima humwita awalindie milango ya harusi. Hupokea simu moja moja, huzitia ndani ya foronya, huifunga fundo, halafu huikalia. Siku ya harusi yangu mama alikuwa nyumbani kitandani, maradhi yamemlaza miezi mingi, hata kuketi hawezi. Nilimwomba shangazi anipigie picha moja tu nimpelekee mama. Alinikatalia mbele ya wanawake wote, akasema sheria haijui binti wa ndugu. Punde si punde akamtoa nje msichana mmoja aliyeficha simu kwenye mkoba. Mama alifariki baada ya wiki saba, na mpaka anaingia kaburini hakuniona nilivyopambwa. Tangu hapo shangazi nilimpa shikamoo yake na basi. Nilikuwa na kinyongo naye, na sikukificha.

Jumanne alikuja mwenyewe. Sijui nani alimpasha habari, pengine Mujahid. Hakuketi. Aliweka bahasha mezani, akasema Alhamisi yeye ndiye shahidi.

Nikaifungua. Ni mimi, nimeketi, kichwa nimekiinamisha, mikono ina hina mpaka viwikoni. Yeslam amesimama mbele yangu, mkono wake wa kulia uko juu ya utosi wangu, kama anavyofanya bwana harusi anapoingia kumpa mkono mkewe. Pembeni yaonekana upindo wa buibui la aliyepiga.

Damu ilinipanda. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilimlilia kwa picha moja, kumbe aliyekalia simu za watu alikuwa na yake mkononi. Nikamuuliza aliipiga lini, kwa ruhusa ya nani, na kwa nini alinikatalia mimi.

"Usiniulize sasa, mwanangu," akasema. "Mumeo kwanza."

Nilitaka kumtupia bahasha yake. Yeslam akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikanyamaza. Picha ile ile iliyonichoma ndiyo ingembakisha mume wangu. Baadaye nikasikia aliisafisha kwa Purity, mwenye studio ya picha Kiembeni, kwa sababu ni mwanamke, na alisimama nyuma yake mpaka Purity akaifuta kwenye kompyuta.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa ofisini. Afisa wa kaunta, mwanamume, alinyoosha mkono apokee bahasha. Shangazi akaikumbatia, akamwambia kwa adabu kwamba humo mna bibi harusi na yeye si mwanamke. Nilifikiri yamekwisha, tutafukuzwa pale pale. Yule bwana alimtazama, akatazama bahasha, akainuka kwenda kumwita mwenzake.

Alikuja mama wa makamo aitwaye Ruth, akatuingiza chumbani. Aliiangalia picha kwa muda mrefu.

"Nimeambiwa ukumbini kwenu simu haziingii," akasema. "Hii ilipigwa na nani?"

"Naliipiga mimi," akasema shangazi.

Ruth akamuuliza ilikuwaje. Shangazi hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Mamake huyu alikuwa mgonjwa kitandani. Mtoto aliniomba mbele ya watu, nikamkataza, maana ningemkubalia yeye wote wangetaka simu zao. Bwana alipoingia kumpa mkono, kila mtu akawatazama wao. Mimi nikatoa yangu. Kisha nalitoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwa wifi yangu, nikamwonyesha. Nikataka kuifuta, nikashindwa."

Nililia mbele ya afisa wa serikali, sikujali. Mama aliniona. Miaka yote hiyo nilikuwa namwonea huruma kwa jambo ambalo hakulikosa.

Ruth aliomba simu ya shangazi, akalinganisha tarehe ya picha na ya cheti cha ndoa, zikawa moja. Akaandika, akapiga muhuri, akasema faili imekamilika na wiki ijayo Yeslam aje achukue kibali chake. Haondoki. Yeslam akasema alhamdulillahi mara tatu, halafu akauliza kama hataulizwa majina ya ami zangu. Ruth akamwambia ayataje basi. Akayataja yote saba bila kukosea.

Nje, kwenye ngazi, nilimuuliza shangazi mbona alikaa kimya miaka yote hiyo, mimi nikimnunia.

"Siku ile nalimtoa mtoto wa watu kwa ajili ya simu, kisha mimi mwenyewe nikafanya kosa lile lile," akasema. "Naliona haya, hata mamako nikamwomba anifichie. Nikaona heri uninunie."

Nikamuuliza mama alisema nini alipoiona.

"Alikutazama mno. Kisha akasema, 'Mwambieni asiiname sana, shingo itamuuma.'"

Nikamshika mkono. Nilimtaka anirudie maneno hayo, akanirudia, na tulipokwisha kuvuka barabara nikamwomba anirudie tena.