Damu ya Awiti

Watu wa Port Victoria walimjua Awiti kwa mambo mawili: omena alizouza, wale dagaa wa ziwani, hazikuwa na mchanga, na yeye mwenyewe hakuwa na haya ya kujisifu. Na kwa nini awe nayo? Mwanamke aliyezaliwa na selimundu, ule ugonjwa unaopinda chembe za damu zikawa kama mundu, akatimiza miaka hamsini na minane akibeba magunia na kuwazika waliomtabiria kifo, huyo mwache ajisifu.

Ndugu zake watatu waliomtangulia walikufa wachanga. Alipozaliwa yeye, mama yake alimlaza kando ya njia, akamtupa kama mila ilivyotaka, ili kifo kidhani mtoto hana mwenyewe. Jirani akapita, akamwokota, akamrudisha nyumbani akisema amepata mtoto. Ndiyo asili ya jina Awiti, aliyetupwa. Mungu hamtupi mja wake, hupenda kusema, hata mama yake akimtupa.

Sasa mjukuu wake Elsie, wa miaka mitano, alikuwa na ugonjwa huohuo. Mwaka huu pekee maumivu ya mifupa yalikuwa yamemlaza hospitalini mara tatu. Kliniki moja ya Kisumu ilitaka kumwanzishia vidonge vya kila siku. Debra, mama wa mtoto, alikuwa tayari. Awiti akakataa katakata, na Debra hajawahi kuruka neno la mama yake.

"Hiyo dawa ni ya watoto wa watu," Awiti alisema. "Huyu iko na damu yangu. Mimi nimewahi kumeza nini?"

Nekoye, fundi wa maabara ya kliniki hiyo, hakubishana naye. Aliomba tu damu ya wote wawili, bibi na mjukuu, akamuuliza Awiti na maana ya jina lake, akasimuliwa yote, alipokuwa akiliandika kwenye chupa. Leo walikuja kuchukua majibu, na Awiti alikuwa amevaa kitenge cha kanisani.

"Mama, mtoto akiwa tumboni damu yake iko na protini fulani," Nekoye alianza. "Hiyo haikubali chembe zipindike. Akishazaliwa, mwili unaizima pole pole. Yako ilikataa kuzimika. Ni vile ulizaliwa, iko kwa jeni zako. Watu wazima wengi hawafikishi hata moja kwa mia. Wewe uko na ishirini na tatu. Nilipima mara mbili nikidhani mashine imeharibika."

"Debra, umesikia? Nimeshinda mashine!"

Akacheka hadi watu wa foleni wakageuka. Miaka yote hiyo wengine walisema ni maombi, wengine mitishamba, wengine uchawi. Kumbe ni yeye mwenyewe! Alijiona mkubwa kuliko jengo lile.

"Na Elsie?" Debra akauliza.

Nekoye aliiweka karatasi mezani. "Elsie ni tano."

"Tano ni kidogo?" Awiti akadakia.

"Kwake ni kidogo, Mama. Mzazi humpa mtoto nusu tu ya jeni zake. Hiyo yako haikufika kwa Elsie. Si kosa la mtu."

Kicheko kikamkauka Awiti. Mara zote tatu hospitalini alimwambia mtoto avumilie kwa kuwa ana damu ya bibi yake, na mtoto akavumilia kwa kumwamini. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Hivyo vidonge," akasema taratibu, "vinafanya nini?"

"Vinaamsha protini hiyohiyo. Ile wewe ulipewa bure, yeye ataitafuta kila siku, na sisi tutakuwa tunapima damu yake. Usipoziba ufa, Mama..."

"Nitajenga ukuta. Najua, nyathina, mwanangu."

Akasimama. Akamshika Elsie mkono, akatoka naye hadi kando ya njia mbele ya maabara, akatandika leso na kumlaza juu yake.

"Mama, watu wanaangalia!" Debra akanong'ona.

"Wacha waangalie. Huyu si wangu. Nimemtupa."

Akawapa mgongo. Debra, aliyekua akiisikia hadithi ile, naye akageuka. Nekoye alisimama mlangoni na glavu zake mkononi, msomi mzima, hajui acheke au aite mlinzi. Kisha akaenda, akainama, akamwinua mtoto.

"Nimeokota mtoto," alisema.

"Basi ni wako," Awiti akajibu, kichwa juu tena. "Mpe dawa. Mimi nitakuwa nakuletea kila tarehe ya kliniki, na akiruka hata siku moja, uniulize mimi."

Kwenye dirisha la dawa, karani aliuliza jina la mgonjwa. Debra akafungua mdomo kujibu, lakini mtoto, mikononi mwa Nekoye, akamwahi.

"Mimi naitwa Awiti," alisema, kifua mbele kama bibi yake.