Sauti ya Atuganile Yawekwa Kando

Usiku wa jana niliota flashi yangu inakohoa.

Nilikuwa gesti, Makambako, nimeilaza juu ya stuli. Ikakohoa mara tatu, ikasema, "Mzee Kapinga, wamemchukua mama."

Mama ni marehemu mke wangu, Atuganile. Sauti yake imo ndani ya programu ndogo niliyotengenezewa na fundi mmoja wa Tukuyu, ukiibofya, anaongea. Nakala nyingine sina. Jana mchana kompyuta ya Vumilia, mwenye duka la stesheneri, iliikamata ikisema ni virusi.

Basi nafungua mlango wa choo, natokea ndani ya kompyuta. Kuna baridi kama Njombe. Vumilia yupo, anabandika bango la fotokopi ukutani. Mbele yetu kasimama askari wa kinga ya virusi, ana filimbi mahali pa pua.

"Mke wangu kafanya nini?" nikamuuliza.

"Hatujui. Hilo ndilo kosa lenyewe. Hana muhuri, kwao hakujulikani, anahama mashine hii kwenda ile."

Miaka arobaini ya uchuuzi nimefukuzwa stendi za mabasi kwa maneno hayohayo.

"Mlaze huyu askari nipite," nikamnong'oneza Vumilia.

"Thubutu! Akilala, na wezi wa kweli wanaingia. Tulia, mzee wangu. Mama hajafutwa, kawekwa kando tu. Tuwaulize na wengine."

Wakaja askari sabini wa kampuni nyingine, kila mmoja na kigoda chake. Wanainusa sauti ya mke wangu kwa zamu. Sitini na nane wanasema hawaoni neno. Wawili wanasema mwizi.

"Mmeona nini?" Vumilia akawauliza.

"Mimi sijaona," akasema wa kwanza. "Nimemsikia huyu."

"Na mimi nimemsikia yeye," akasema wa pili.

Sasa tuko posta, mvua inanyesha ndani. Vumilia anatia kipande cha sauti kwenye bahasha. "Hii inakwenda kwa waliomfundisha askari wetu," anasema. "Wao ndio wa kumsahihisha."

Stempu haijabandikwa, jibu likarudi: Tumekosea. Mwachieni.

Askari akavua kofia. Akachukua alama ya dole gumba la Atuganile, akaandika daftarini: Huyu apite. Yeye tu, si kila atakayejiita yeye.

Atuganile akatoka, akanitazama juu mpaka chini. "Wewe mwanamume, hicho kifungo utakitafuta lini?"

Kifungo cha tatu cha shati kilinidondoka Tunduma, mwezi wa nne. Akatoa sindano na uzi mwekundu, akaanza kushona huku ananisema. Nikamshikia shati lisicheze, aendelee kunisema.

Simu ndiyo iliyoniamsha, jua limeshatoka.

"Shikamoo mzee," akasema Vumilia. "Majibu ya wale wa kinga niliowaandikia jana yamekuja. Walikosea. Njoo umchukue mama."

"Marahaba. Mungu akulipe, mwanangu. Mwingine angekwisha kufuta."

"Ah, mzee, kuuliza tu!"

Kuuliza tu. Wangapi wameniuliza mimi?

Nikalitoa shati msumarini. Kifungo cha tatu kipo, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi umekatwa kwa meno, na ncha yake bado imelowa.